Kushuka Tanga na begi mgongoni: tukilala kwa mwenyeji tusiyemjua, ni salama?

SWALI: "Nina miaka 24, nimezaliwa na kukulia Mbeya mjini, na mbali nilikowahi kufika ni Iringa nilikosoma chuo. Mwezi wa nne mimi na rafiki yangu wa kike tunataka kwenda Tanga siku kumi, mabegi mgongoni, bila hoteli. Tumejiunga na mtandao wa wasafiri ambako wenyeji wanakupokea kwao bila malipo. Kijana mmoja amekubali. Anaishi peke yake Ngamiani, na ametuambia tusihangaike kumwambia mtu yeyote kwa sababu majirani zake wana maneno. Mama anasema hakuna cha bure duniani, na kwamba pwani tutalogwa. Rafiki yangu ananiita mshamba. Wengine wanatushauri tumeze dozi ya dawa ya mseto kabla ya kuondoka ili malaria isitupate. Je, ni salama? Tutoe nini? Tubebe nini?"

JIBU: Mwanangu, mama yako amekosea jambo moja na kupatia jingine. Amekosea kuhusu kulogwa. Mimi ni mtu wa Tukuyu, nimeishi Tanga miaka minne, na kilichonirudisha nyumbani ni kuishiwa hela. Kuhusu bure amepatia, ila si kwa namna anayoiogopa yeye. Nitalifikia hilo. Kwanza niseme kuhusu sentensi moja uliyoiandika haraka, ambayo mimi imenikwamisha: eti msihangaike kumwambia mtu.

Kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini imekuwa kuongoza wasafiri na kuzifundisha familia namna ya kupokea wageni, huku kwetu na huko pwani. Nimeona ugeni uliokwenda vizuri na ugeni ulioharibika. Ule ulioharibika, mara nyingi ulianza kwa kufichwa.

Uelewe nyumba unayokwenda. Ngamiani ni eneo la barabara zenye namba, Barabara ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea, na nyumba zake nyingi bado ni zile za Kiswahili: mbele baraza, katikati ukumbi mwembamba mrefu, vyumba huku na huku, nyuma ua wenye jiko na choo. Huwezi kuingia nyumba kama hiyo bila kupita mbele ya watu. Kuna mzee kwenye baraza, kuna mama anakaanga vitumbua pembeni ya mlango, kuna vijana wanatengeneza baiskeli, maana Tanga ni mji wa baiskeli. Wahenga walisema mgeni kuku mweupe. Kabla hujamaliza kikombe cha kwanza cha chai, barabara nzima inajua kwamba kwa fulani wamefika mabinti wawili kutoka Mbeya.

Sisi tuliokulia baridini tunaliona hilo kama umbea. Kwetu nyumba zimekaa mbalimbali, kila mtu na migomba yake au uzio wake, na jua likizama kila mmoja yuko ndani anaota moto. Mgeni wa jirani unaweza usimwone hata wiki. Pwani watu wanaishi nje, na macho hayo unayoyaona ni usumbufu ndiyo ulinzi wako. Mwenyeji aliyekupitisha barazani mchana, akakutambulisha, mkaamkia wazee, ameweka heshima yake rehani mbele ya watu atakaoishi nao maisha yake yote. Ukilia usiku, kuna anayejua wewe ni nani. Ukipotea, kuna anayeuliza. Sasa mwenyeji anayekwambia njooni kimyakimya ameuvunja ukuta huo kabla hamjafika. Huenda ni kijana mwema kabisa, anaona haya tu kwamba mabinti wawili watalala kwa kapera na watu wataongea. Lakini wataongea kwa sababu, na ukilala kwake unaingia katika maneno hayo ukiwa huna wa kukusemea.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: kulala kwa wenyeji Tanga ni jambo zuri, nimelifanya, nimelisimamia, na ningekushauri ulifanye. Kulala kwa mwenyeji huyu, kwa masharti haya, hapana.

Rafiki yako atasema wazungu wanafanya hivyo dunia nzima. Ni kweli. Katika mitandao ya aina hiyo, Couchsurfing ilianzishwa mwaka 2004, BeWelcome ikafuata mwaka 2007, na Servas ni ya zamani zaidi, tangu 1949, baada ya vita, watu wakiamini kwamba ukila kwa mtu ni vigumu kumchukia. Tangu 2020 Couchsurfing inatoza ada ya uanachama. BeWelcome ni ya kujitolea na haina ada. Nimewapokea wengi wa wasafiri hao wakishuka Mbeya kwenye treni ya TAZARA kutoka Kapiri Mposhi, Zambia, wamechoka, vumbi hadi masikioni. Lakini tazama wanachobeba ambacho huwezi kukiona mgongoni: bima, ubalozi, na pesa ya hoteli endapo mambo yataharibika. Mtandao wenyewe hauendi kumkagua mwenyeji chumbani kwake. Unachopewa ni maoni ya waliolala hapo kabla. Yasome hayo, na usome hasa yaliyoandikwa na wanawake. Mwenyeji asiye na maoni hata moja ni mtu usiyemjua aliye na picha nzuri. Na yule ambaye kila aliyempokea ni msichana mwenye umri wako, mwache.

Wewe hata hivyo una kitu ambacho msafiri wa kutoka Ulaya hana. Umesoma chuo Iringa. Je, hukusoma na mtu wa Tanga? Muheza? Pangani? Wako wengi, na kila mmoja ana mama, shangazi au dada aliyeolewa ambaye atakupokea kwa sababu ulikaa dawati moja na mtoto wake. Huo nao ni mtandao, tena una maoni ya miaka mitatu. Kanisani kwenu je? Kwaya zinatembeleana. Piga simu tatu kabla hujafungua intaneti. Mara nyingi hata mtu wa mbali wa ukoo, yule mnayemwita baba mdogo bila kukumbuka undugu umepitia wapi, anatosha, kwa kuwa kuna mtu wa kumpigia akikukosea.

Sasa nirudi kwenye bure ya mama yako.

Nilipofika Tanga mara ya kwanza nilikuwa na miaka 23. Nilipokelewa na familia ya mwenzangu wa chuo. Mama mwenye nyumba akanionyesha chumba chenye kitanda cha mbao, shuka limepigwa pasi, chandarua cheupe kimefungwa juu kwa fundo zuri. Nikalala kama mfalme. Usiku wa tatu nilibanwa haja ndogo, nikatoka ukumbini na tochi, nikaona miguu. Watoto watatu wamelala mkekani ukumbini, wamejifunika kanga moja, na mdogo wao anajikuna usingizini. Kitanda kilikuwa chao. Chandarua kilikuwa chao, na nyumba nzima ilikuwa na viwili tu. Mama yule hakuwa amesema neno. Asubuhi alinipa uji wa pilipili manga akaniuliza kama nimelala vizuri.

Hiyo ndiyo bei ya kulala bure, na huwa inalipwa na asiyeonekana. Ugeni wa pwani haukuhesabii. Ndiyo maana ni lazima uhesabu mwenyewe.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwanza, beba chandarua chako chenye dawa, kile kinachokunjika kikaingia begini, na kamba mita tatu nne. Ukifika, sema mapema kwamba umezoea kulala chini na una chandarua, muelewane. Watakataa mara ya kwanza. Sisitiza kwa heshima. Pili, njoo na kitu cha kwenu. Mchele wa Kyela unajulikana Tanga nzima, na mama akinusa tu atajua. Kilo tano zinabebeka mkiwa wawili. Parachichi za Rungwe zifunge zikiwa ngumu, zitakuwa zimeiva siku mkifika na joto lile. Majani ya chai ya Tukuyu au Mufindi. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, usibebe! Kwanza nyumba nyingi utakazofikia ni za Waislamu, na pili ulanzi hauachi kuchacha ati kwa sababu uko safarini. Nimeshuhudia dumu likipasuka kwenye basi pale mteremko wa Kitonga, na harufu tukashuka nayo mpaka Morogoro.

Tatu, fedha. Usimpe mwenyeji noti mkononi ukiingia, utamfanya mwenye gesti bila idhini yake. Nenda sokoni na mmoja wa watoto, urudi na samaki, nazi, sukari, mafuta, umkabidhi mama mwenye nyumba mwenyewe, kwa mikono miwili, bila hotuba. Ulizia pia umeme. Ninyi mtakuwa na joto, mtawasha feni usiku kucha, na uniti za LUKU zitakwisha siku nne mapema. Ukinunua umeme ukampa namba za kuingiza kwenye mita, umewasaidia kuliko zawadi yoyote. Ukiondoka, hapo ndipo bahasha ndogo inaruhusiwa, kwa jina la sukari ya watoto.

Na usikae siku kumi nyumba moja. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; watu wanaitaja kama utani, lakini ni ratiba. Siku ya kwanza keti, wanataka kukutazama. Siku ya pili ukae ukijifunza. Siku ya tatu amka mapema, shika ufagio wa ua, kuna nazi za kukuna na mchele wa kuchagua, na kwenye mbuzi ya nazi ndiko utakakosikia habari za nyumba na mtaa ambazo hakuna kiongozi wa watalii atakayekupa. Siku ya nne aga, wakiwa bado wanasema mbona mapema. Tanga wenyewe wana msemo wao, waja leo waondoka leo, wakimaanisha kwa kinyume kwamba mji unamnasa mgeni akasahau kurudi. Wewe usisahau.

Adabu nyingine utazijua ukifika, ila chache nikuibie mapema. Piga hodi ukiwa nje, na usubiri kuitikiwa hata kama mlango uko wazi. Viatu vibaki mlangoni. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi, pamoja na yule bibi aliyejikunja pembeni unayemdhani amelala. Chukua kanga au vitenge viwili, maana suruali ya kubana njiani haina neno lakini uani na barazani inakaa vibaya. Ukikuta Ramadhani usile wala kunywa mbele ya watu mchana. Jioni utafuturishwa mpaka utubu. Chakula ukikaribishwa usikikatae chote, onja. Na Kiswahili chao kitakucheka kidogo. Ukisema umetoka Iringa watakutania habari za kula mbwa. Cheka nao, ni utani wa miaka mingi.

Mwambie mwenyeji akupeleke kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ujulikane. Beba kitambulisho chako cha NIDA. Jambo hili la dakika tano wasafiri wengi wanaliona kero. Mkiamua kuvuka kwenda Unguja, huko ni kwa sheha, na kitambulisho utakihitaji tangu kwenye boti.

Sasa malaria, na hapa nitakaa kidogo, maana ndilo jambo linalonitia hofu kuliko kijana wako wa Ngamiani. Mimi si daktari. Nitakueleza nilivyofundishwa, na mengine niliyojifunza kwa kuumwa.

Watu wa Mbeya husema sisi tuna damu nzito, malaria haituwezi. Ni kinyume. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mbu wa malaria akimuuma mgonjwa, vimelea vinaingia tumboni mwake na vinahitaji muda kukomaa kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Muda huo unategemea joto. Kwenye nyuzi 26 hivi, kama Tanga, ni siku kumi na moja au kumi na mbili. Kwenye nyuzi 20 ni karibu wiki nne, na mbu wengi hufa kabla hazijatimia. Joto likishuka hadi nyuzi 16, vimelea havikomai kabisa. Kwa hiyo kilichokulinda utotoni ni baridi ya mlima Loleza. Damu yako haijafanya chochote. Shuka Kyela ziwani, chini ya mita 500, uone kama watu wa huko wanakwambia habari za damu nzito.

Mtoto wa Tanga ameumwa malaria mara kadhaa tangu mdogo, na aliyepona amejengeka kinga fulani. Haimzuii kupata vimelea, ila ugonjwa humwendea polepole. Wewe huna kinga hiyo. Mbu yuleyule, usiku uleule, chumba kilekile: mwenyeji wako anaweza kuumwa kichwa siku mbili, wewe ukalazwa. Na kinga hiyo hufifia usipoendelea kuumwa, kwa hiyo hata ndugu yako aliyezaliwa Kyela na kuishi Mbeya miaka kumi asijidanganye.

Habari ya kumeza dozi ya mseto kabla ya safari, msiifanye. Dawa ya mseto ni ya kutibu: dozi sita, siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, baada ya kupimwa ukakutwa nayo. Haikutengenezwa iwe kinga ya msafiri. Dawa za kinga zipo, za aina kadhaa. Nyingine humezwa kila siku na kuendelea wiki nne baada ya kurudi, nyingine mara moja kwa wiki, na si kila moja inamfaa kila mtu. Kama kuna uwezekano wa ujauzito, au dawa nyingine unazotumia, hilo ni la kuzungumza na daktari ana kwa ana, angalau wiki mbili kabla ya kuondoka. Nenda hospitali, mwambie, "Mimi ni wa Mbeya, nakwenda Tanga siku kumi, sijawahi kuishi kwenye malaria." Atajua la kukupa. Zaidi ya hapo ni chandarua, mikono mirefu jioni, na dawa ya kupaka kuanzia magharibi, kwa sababu mbu huyu anafanya kazi usiku. Yule wa mchana, mwenye madoa meupe miguuni, ni wa homa ya dengi. Huyo naye yuko pwani. Dar es Salaam imepata milipuko, ukiwemo wa 2014 na wa 2019. Kwake chandarua cha usiku hakitoshi, paka dawa mchana pia.

Na hapa ndipo nilipoanguka mimi. Malaria haikupigi siku uliyoumwa na mbu. Huchukua siku kama saba hadi kumi na nne, wakati mwingine zaidi. Safari yako ni ya siku kumi, kwa hiyo piga hesabu: kama itakupata, kuna uwezekano mkubwa utakuwa umesharudi Mbeya, umeanika nguo, unawaonyesha watu picha. Likizo yangu ya kwanza niliumwa siku ya tisa baada ya kurudi Tukuyu. Mvua inanyesha, kila mtu mtaani ana mafua, nami nikajifunika blanketi mbili nikasema ni baridi nimeisahau. Nikanywa tangawizi. Zahanati nilikwenda siku ya pili, wakaniuliza unaumwa nini, nikasema mafua na kichwa. Sikusema nimetoka wapi. Siku ya tatu nilikuwa namwita marehemu bibi yangu aje kufunga dirisha.

Kwa hiyo homa yoyote, ukiwa Tanga au mwezi mzima na zaidi baada ya kurudi, usiisubirishe hata siku moja. Nenda ukatobolewe kidole upimwe, na neno la kwanza kumwambia mhudumu liwe kwamba umetoka pwani. Kipimo kikisema hakuna na homa ikaendelea, rudi kesho upimwe tena. Kabla ya kujua kama ni malaria au dengi, usimeze aspirini wala ibuprofeni. Tumia paracetamoli, kwa kuwa kwenye dengi hizo nyingine huongeza hatari ya kutoka damu. Ukiona mtu anachanganyikiwa, anatapika kila anachokunywa, macho yamekuwa ya njano, mkojo mweusi kama kahawa, anahema kwa shida, ametingishwa na degedege, anatoka damu kwenye fizi au tumbo linamkata sana, hapo si zahanati tena. Ni hospitali, usiku huohuo. Tanga mjini hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo, na kila dereva wa bajaji anaijua.

Joto lenyewe halitakuua lakini litakunyanyasa. Jasho hupoza mwili linapokauka, na hewa ya Tanga ina unyevu mwingi kiasi kwamba jasho linatiririka bila kukauka. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea, yaani utazoea siku ya kuondoka. Sisi wa baridini hatuna desturi ya kunywa maji bila kiu. Huko kunywa, na usiogope chumvi kwenye chakula. Saa sita hadi saa tisa fanya kama wenyeji, tafuta kivuli ulale. Maji yawe ya kuchemsha au ya chupa iliyofungwa.

Umechagua mwezi wa nne. Ni masika. Utakuta mvua, tope, bahari imechafuka na mbu wamezaliana. Ningekuwa wewe ningesogeza mpaka mwezi wa sita hadi wa tisa, upepo wa kusi unavuma, joto linapungua, na kufika Amboni mapangoni au kwenye magofu ya Tongoni hakuhitaji gamubuti. Tena utaokoa nguo: Mbeya wakati huo mnatetemeka, huko mnavaa kanga.

Baharini, kama hujui kuogelea usione aibu kuishia magotini. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, zile za bamvua, yanakwenda mbali sana kisha yanarudi kwa kasi. Watu wa bara hutembea juu ya mchanga mpaka mbali wakiokota makombe, wakigeuka wanakuta maji yamepita nyuma yao. Muulize mvuvi saa za kujaa, atakwambia bila kutazama saa.

Njiani: mabasi mengi yatakupeleka Dar es Salaam kwanza, ila ukiangalia ramani utaona Chalinze ndiyo njia panda, na kutoka hapo hadi Tanga kupitia Segera bado ni kama kilometa 250. Usishuke Chalinze usiku kuvizia gari. Heri ulale Dar, uondoke asubuhi na basi la Tanga lenyewe.

Kuhusu wapi mlale hasa, nikupe maoni yangu bila kuzunguka. Usiku wa kwanza na wa pili kaeni gesti, hata kama mwenyeji mmempata na ni wa kuaminika. Mtafika mmechoka na mtu aliyechoka hachagui vizuri. Mchana nendeni kwa mwenyeji mkasalimie, mle, mtazame nyumba, muone komeo la mlango liko upande gani, kisha muamue. Siku tatu nne kwake. Siku zinazobaki nendeni Pangani, au mlipie nyumba ya familia inayopokea wageni kwa malipo. Ni ghali kuliko bure na rahisi kuliko hoteli, na uzuri wake ni kwamba mnajua deni lenu ni kiasi gani. Rafiki yako ataona tumepoteza maana ya safari. Mwache aone. Nauli ya kurudi na pesa ya gesti ya siku mbili ziwekeni kwenye laini ya simu ambayo hamtaigusa, kila mmoja yake, na mtu wa nyumbani ajue kila jioni mmelala wapi.

Ikitokea mtu amekushika usivyotaka, au amekulazimisha, ondoka kwanza kisha ufikirie adabu baadaye. Gonga mlango wowote wa jirani, ndiyo faida ya kujulikana. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, namba ya dharura ni 112. Kama kumetokea kuingiliwa, nenda hospitali haraka iwezekanavyo na usipitishe saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zina muda wake, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Usingoje kurudi Mbeya.

Sasa huyo kijana. Simwiti mbaya, kwa hiyo mpe nafasi. Mwandikie leo: "Kaka, asante kwa kutukaribisha. Nyumbani wameturuhusu kwa sharti tufikie kwa mama au dada, tukitambulishwa kwa mjumbe. Kama mama yako yuko Tanga, tunaomba namba yake tumsalimie kabla ya kuja." Akinuna, akikuita mshamba kama rafiki yako, au akitoweka, umeokoa nauli. Akikutumia namba, ipige wewe mwenyewe, jioni baada ya magharibi, umwamkie, umwambie wewe ni mtoto wa nani wa Mbeya, kisha umuulize mchele wa Kyela ameuzoea kuupika kwa nazi au mkavu.